Kaka yangu akilewa husema atajitoa uhai, asubuhi husema ni maneno ya pombe. Nimwamini yupi?

Binti Umoja

Hamjambo nyote. Naomba ushauri kuhusu kaka yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 38, fundi wa kuchomelea vyuma kule Kariobangi. Amekunywa pombe tangu ujana, lakini katika miaka mitatu hii pombe imemshika kwa namna ambayo hata yeye mwenyewe haikani tena. Asubuhi mikono humtetemeka mpaka atoe loki, kama wanavyosema wenyewe, yaani apige kidogo mwili utulie ndipo aweze kushika kazi. Mwezi uliopita mke wake alimchukua mtoto wao wa miaka sita akarudi kwao Machakos, nami simlaumu wifi yangu, kwa sababu alivumilia mengi.

Tangu hapo, kila anapolewa hunipigia simu, mara nyingi baada ya saa sita za usiku, na neno lake ni lile lile. Husema amechoka, kwamba sote tutapumua akiondoka, na kwamba siku moja tutaitwa twende tukamchukue. Usiku wa kwanza nilivaa sweta juu ya nguo za kulalia nikatafuta bodaboda hadi kwake. Nilimkuta amelala sakafuni, mlango uko wazi, redio inanguruma. Kulipokucha nikamwuliza, akacheka, akaniambia, "Achana na hayo, yalikuwa maneno ya pombe." Mama naye husema vivyo hivyo: mlevi husema lolote, na nikiyatilia maanani nitamzoesha.

Sasa ni mara ya tano. Akiwa hajanywa ni mtu mwingine kabisa, mpole, mkimya, mchapakazi. Juma lililopita hata alinifurahisha, kwani alisafisha nyumba yake, akalipa deni la dukani, na akampa mwanafunzi wake wa karakana ile kofia ya kuchomelea aliyoinunua kwa kujinyima, akisema kijana huyo anaihitaji kuliko yeye. Nilidhani ameanza kujirudi.

Nauliza mambo mawili. Je, niamini maneno ya usiku au ya asubuhi? Na je, tukifaulu kumwachisha pombe, hayo mengine yatakwisha yenyewe? Mjomba wetu anayeishi Kikuyu amejitolea amfungie kwake kwa siku chache asione hata tone, na Mama ameshakubali.

Muuguzi Mstaafu

Dada, niruhusu nianze na lililonishtua zaidi katika maelezo yako, na si zile simu za usiku. Ni kofia.

Fundi hagawi kofia yake. Nimeishi na mafundi, nimewauguza, na ninajua kwamba mtu anaweza kuuza viatu vyake anunue pombe lakini kifaa cha kazi akakificha chini ya kitanda. Mtu anayezungumza juu ya kufa, kisha akalipa madeni, akapanga nyumba na kugawa kitu anachokithamini, huenda anafunga hesabu zake. Utulivu unaotokea ghafla baada ya majuma ya dhiki ni jambo linalotufanya sisi wa wodi za akili tusogeze kiti karibu na kitanda. Yawezekana nimekosea, na ningefurahi kukosea, lakini usisubiri ujue. Nenda kwake leo, kabla ya jioni, kabla hajaanza kunywa, na usiende peke yako.

Ukifika, mwulize waziwazi: "Kaka, unafikiria kujiua?" Tumia neno lenyewe. Watu wengi huogopa kwamba swali hilo litampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo, lakini tafiti zilizochunguza hofu hiyo hazikukuta kwamba kuuliza huongeza mawazo hayo, na mara nyingi mtu hupata nafuu kwa kuwa hatimaye kuna mtu wa kumtwika sehemu ya mzigo. Usimwulize kwa namna inayomwonyesha jibu unalotaka, kama vile "Lakini huwezi kufanya upuuzi huo, sivyo?", kwa sababu atakupa hilo hilo unalolitaka. Akisema ndiyo, mwulize kama ameshafikiria namna na wakati. Usimkemee, usimhubirie, wala usiahidi kumfichia siri. Dawa zote na kitu chochote anachoweza kujidhuru nacho kiondolewe nyumbani humo, mtu abaki naye, kisha apelekwe hospitali usiku huo huo. Hapa Nairobi, Mathari ndiyo hospitali kuu ya rufaa ya magonjwa ya akili, lakini idara ya dharura ya hospitali yoyote kubwa iliyo karibu inatosha kuanzia. Ukihitaji sauti ya mtu wakati ukiwa njiani, Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea simu kupitia 1199 bila malipo, na Befrienders Kenya, shirika la kuwasikiliza wenye mawazo ya kujiua, hupatikana kupitia 0722 178 177.

Sasa swali lako la kwanza. Mama amesema mlevi husema lolote, na katika mambo mengi ni kweli. Katika jambo hili hasa, imani hiyo imetuponza. Pombe haimbunii mtu kifo ambacho hakikuwamo moyoni mwake. Kinachofanywa na pombe ni kulegeza ulinzi. Zile sehemu za ubongo zinazotuzuia, zinazotukumbusha mtoto, kesho na aibu, hupunguza kazi, na macho ya akili hufinyika hadi mtu aone lile lililo mbele yake tu. Mwaka 1990 wanasaikolojia Claude Steele na Robert Josephs walieleza hali hiyo kuwa aina ya uoni wa karibu tu, kwamba mlevi huliona kwa ukubwa jambo la sasa na haoni yaliyo nyuma yake. Basi ikiwa jambo la sasa ni sherehe, atacheka kuliko wote. Ikiwa ni chumba kisicho na mke wala mtoto saa saba za usiku, hataona kingine chochote. Asubuhi kaka yako anaogopa na kuona haya kwa alichokisema, kwa hiyo anakicheka. Ukiniuliza niamini yupi, nitakuambia waamini wote wawili, ila umlinde yule wa usiku, kwa sababu yeye ndiye mwenye uchungu wote na hana breki.

Takwimu zinalitilia uzito jambo hili. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba watu wenye ugonjwa wa utegemezi wa pombe hufa kwa kujiua karibu mara 10 zaidi ya watu wengine. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2017, ulioongozwa na Guilherme Borges, ulitazama unywaji wa saa zile zile zinazotangulia jaribio, na ukakuta kwamba kunywa kulizidisha hatari takriban mara 7, na kwa waliokunywa kwa wingi takriban mara 37. Tena kuna utafiti wa zamani wa St. Louis, wa George Murphy na Eli Robins, wa mwaka 1967, ambao sijausahau tangu nilipoufundishwa. Waliwachunguza watu waliokuwa na uraibu wa pombe wakafa kwa kujiua, na karibu theluthi moja yao walikuwa wamempoteza mtu wa karibu, kwa kuachwa, kutengana au kufiwa, ndani ya majuma sita tu kabla ya kifo. Wifi yako aliondoka mwezi uliopita. Hesabu majuma.

Swali la pili lina sehemu mbili, na ile ya mjomba ndiyo ya haraka. Msimfungie. Nasema kwa heshima zote kwa mjomba, ambaye naona anampenda, lakini mtu ambaye mikono humtetemeka asubuhi hadi anywe ameshatekwa na pombe mwilini. Ubongo wake umezoea kufanya kazi ukiwa umetulizwa kila siku, na kitulizo hicho kikiondolewa kwa mkupuo hubaki umechemka. Jasho, kutetemeka na kutapika huanza ndani ya saa chache. Mishtuko ya kifafa inaweza kutokea katika siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka, wakaona wadudu ukutani na kusikia watu wanaokuja kuwaua, moyo ukaenda mbio na joto likapanda. Hali hiyo huua. Hospitalini hutibika vizuri, kwa dawa za kutuliza zinazopunguzwa kidogo kidogo na vitamini B1, ambayo walevi wengi huwa na upungufu wake. Kumfungia chumbani Kikuyu mtu aliye na mawazo ya kufa, huku akili yake ikiwa imevurugwa na kuacha ghafla, ni kuunganisha hatari mbili chini ya paa moja, na hakuna hata mmoja wenu atakayejua la kufanya.

Je, akiacha pombe huzuni itakwisha? Kwa wengi, sehemu kubwa hupungua. Mwaka 1988 Sandra Brown na Marc Schuckit waliwafuatilia wanaume 191 waliolazwa kwa ajili ya uraibu wa pombe. Walipoingia, asilimia 42 walikuwa na dalili za sonona za kiwango cha kutia wasiwasi, na baada ya majuma manne bila pombe walibaki asilimia 6 tu. Hii ndiyo habari njema ninayotaka kaka yako aisikie, kwamba huzuni anayoiona kuwa ukweli wa maisha yake kwa sehemu kubwa yaweza kuwa inapikwa na kile kile anachokinywa ili aisahau. Lakini asilimia 6 si sifuri, majuma manne ni marefu, na mke hatarudishwa na kuacha pombe peke yake. Kwa hiyo atibiwe yote mawili kwa pamoja tangu siku ya kwanza. Akiambiwa aache kwanza pombe ndipo aje atibiwe huzuni, au atibiwe kwanza huzuni ndipo akubaliwe kituoni, kataeni na muulize kwingine. Nimeona watu wakipotelea katikati ya milango hiyo miwili.

Andika ukishafika kwake, tafadhali.

Jirani wa Dagoretti

Pole sana, Binti. Sipendi kumpinga muuguzi, lakini niseme nilichokiona. Nina binamu ambaye kwa miaka saba alitutishia hivyo kila mwisho wa mwezi, na kila mara ilikuwa ni kwa sababu anataka pesa za pombe. Tulimtumia M-Pesa kwa hofu, naye akazinywa. Wanaosema sana hawatendi. Anayetaka kwenda huenda kimya. Tuwe macho ndiyo, lakini tusije tukageuzwa mateka na mlevi.

Muuguzi Mstaafu

Ndugu yangu, uchovu wako ninauelewa, na miaka saba ya simu za namna hiyo ingemchosha yeyote. Ila kauli ya kwamba wanaosema hawatendi si ya kweli, na naomba uiache. Watu wengi wanaokufa kwa kujiua walikuwa wamemdokezea mtu, kwa neno la wazi au la kuzunguka, na mara nyingi aliyedokezewa alibaki akijiuliza maisha yake yote. Mtu anaweza kutaka pesa za pombe na wakati huo huo akatamani kufa. Haja mojawapo haifuti nyingine. Usimtumie pesa, hilo nakuunga mkono kabisa, lakini mtembelee na umwulize. Mlango upo kati ya kumpa anachodai na kumpuuza, nao ni kumpeleka kwa daktari kila anaposema hivyo, hata kama ni mara ya kumi.

Na nikuulize kwa upendo, binamu huyo yu hali gani leo?

Jirani wa Dagoretti

Sijui. Tuliacha kupokea simu zake mwaka jana. Nitampigia jioni hii.

Miaka Minne

Binti, mimi nilikuwa kaka yako. Nimesoma ujumbe wako mara mbili ndani ya matatu, nikashuka kituo kisicho changu.

Nilikunywa kwa miaka kumi na mitano, kegi mwanzoni, halafu kali za chupa ndogo zinazouzwa kila kona hapa mjini, na mwishowe chang'aa, kwa kuwa mfuko haukuruhusu kingine. Kila mtu hapa Kenya anaijua hatari ya chang'aa kwa macho. Mwezi wa Mei mwaka 2014 makumi ya watu walikufa kwa pombe iliyochanganywa na methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu, huko Embu, Kiambu na kwingineko, na Februari mwaka 2024 yakatokea tena Kirinyaga. Ninakumbuka yale ya 2014 yalipotangazwa redioni, nami nilikuwa nimekaa mahali penyewe panapouzwa, glasi mkononi. Sikuiweka chini. Nilisema moyoni kwamba ikiwa ndiyo hiyo, basi na iwe. Nataka uelewe sentensi hiyo, kwa sababu sikuwahi kumwambia mtu kwamba ninataka kufa, wala nisingekubali kama ungeniuliza kwa kuzunguka, na hata hivyo kila jioni nilikuwa nimeuachia mlango huo wazi. Kuna walevi wengi wanaoishi hivyo, hawajiui na wala hawajikingi.

Siku niliyosema kwa mdomo ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nimefukuzwa kazi Ijumaa. Dada yangu hakunikemea. Aliketi kwenye ndoo iliyofunikwa, kwa sababu kiti nilikuwa nimeshakiuza, akaniuliza swali lile lile ambalo muuguzi amekuandikia, kwa neno lenyewe. Nilinyamaza kwa muda mrefu sana. Nje kulikuwa na mtu anaosha gari, nasikia maji yakimwagika. Kisha nikasema ndiyo, na nikalia kama mtoto, na kitu fulani kifuani kikalegea. Sikupona siku hiyo. Lakini tangu dakika ile sikuwa peke yangu nacho.

Nionye jambo moja, kwa sababu familia hukimbilia vituo vya kurekebisha tabia bila kuuliza. Cha kwanza nilichopelekwa, ambacho sitakitaja, walinichukua usiku kwa nguvu, wakanifungia na wengine kumi na wanane, na hakukuwa na daktari wala dawa. Siku ya tatu nilianguka kifafa, nikapasuka mdomo kwenye sakafu ya saruji. Kwa hiyo kabla ya kulipa hata shilingi, ulizeni kama kituo kimesajiliwa na NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, kama kuna daktari, nani hukaa zamu usiku, na mtu mwenye mawazo ya kujiua huangaliwaje humo. Laini ya NACADA ni 1192 na haitozwi. Wakijibu swali la mwisho kwa kusema, "Hapa huwa hawapati nafasi ya kufikiria hayo," ondokeni.

Baadaye nilitibiwa hospitalini kwa siku tisa, na tangu hapo ninahudhuria mikutano ya Alcoholics Anonymous, kundi la walevi wanaosaidiana kuacha pombe, mwanzoni kila siku na sasa mara mbili kwa juma. Kwa wewe na Mama, kuna Al-Anon, ambayo ni ya jamaa za wanywaji. Nimeitaja kwa sababu ulipoandika kwamba ulivaa sweta juu ya nguo za kulalia ukatafuta bodaboda, nilimwona dada yangu, na sasa ninajua ni gharama gani alilipa usiku ule na nyingine zilizofuata ambazo mimi sizikumbuki hata moja.

Mwambie kaka yako kuna mtu Nairobi aliyefika hapo alipo na leo amekunywa chai mbili na kubishana na konda.

Wakili Kijana

Naongeza jambo fupi la kisheria kwa sababu najua familia nyingi huogopa kwenda hospitali zikidhani polisi wataitwa. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilifanya jaribio la kujitoa uhai kuwa kosa, na adhabu yake ilikuwa kifungo cha hadi miaka miwili, au faini, au vyote viwili. Tarehe 9 Januari 2025, katika kesi iliyofikishwa mahakamani na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ya Kenya pamoja na Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Milimani alitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, kwa kuwa kinambagua mtu kwa sababu ya hali yake ya afya, kinamvunjia utu, na kinamnyima haki ya kupata huduma bora ya afya. Kwa maoni yangu uamuzi huo ulichelewa kwa miongo mingi.

Kusema kwamba mtu anafikiria kufa, kwa vyovyote vile, halikuwa kosa hata kabla ya uamuzi huo. Mwambieni daktari ukweli wote, pamoja na kiasi anachokunywa kwa siku. Msipunguze.

Binti Umoja

Ni siku ya sita leo. Samahani kwa kunyamaza, sikuwa na nguvu ya kuandika.

Nilikwenda jioni ile ile na binamu yetu. Alikuwa amekaa kitandani amevaa shati la Jumapili. Nilikuwa nimejifunza swali hilo garini kama shairi la shule, lakini nilipofungua mdomo sauti ilikatika, nikaliuliza kwa kunong'ona. Hakucheka. Aliniuliza, "Nani amekuambia?" Hapo nikajua. Alikuwa amepanga iwe Jumamosi. Chini ya mkebe wa sukari alikuwa ameweka kitambulisho chake na karatasi yenye namba ya siri ya M-Pesa, ili mtoto asikose karo.

Mama alipoiona karatasi hiyo alikaa chini sakafuni na hakusema tena neno la kuzoesha. Ni yeye aliyempigia mjomba simu kumwambia hatuendi Kikuyu.

Tulimpeleka hospitali usiku huo. Daktari alimwuliza maswali kumi juu ya unywaji wake, akaniambia kwamba ni dodoso la Shirika la Afya Duniani na kwamba Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi sita ambamo liliandaliwa. Alama za juu kabisa ni 40, na kuanzia 20 hushukiwa utegemezi. Kaka alipata 31. Siku ya pili na ya tatu zilikuwa mbaya. Alimwita mke wake, akawa anajipangusa wadudu mikononi ambao mimi sikuwaona, na niliposhika mkono wake ulikuwa unaungua. Nilifikiria chumba cha mjomba, na kufuli, na nikatetemeka. Jana alikula uji wote na akaomba aongee na mwanawe. Wifi alikubali, wakazungumza dakika nne.

Nimeambiwa huenda akaruhusiwa juma lijalo. Naogopa siku hiyo kuliko nilivyoogopa siku ya kumleta. Atarudi katika chumba kile kile, na chini yake kuna duka la pombe. Mwanafunzi wake alikuja kumwona na alitaka kurudisha kofia. Nimemwomba akae nayo kwanza. Nimefanya vyema?

Muuguzi Mstaafu

Umefanya vyema. Kofia aidai mwenyewe, akiwa amesimama kwa miguu yake.

Na hofu yako ya siku ya kutoka ni hofu sahihi. Majuma ya mwanzo baada ya kutoka wodini, hasa juma la kwanza, ni wakati wa hatari kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa ndugu hupumua na kulegeza macho, naye hurudia chumba kile kile, deni lile lile na ukimya ule ule, ila sasa hana hata ile pombe aliyokuwa akijizimia nayo. Akinywa tena, na wengi huteleza, ataona aibu, na aibu hiyo yaweza kuyarudisha yale mawazo kwa kasi. Mwambieni mapema, angali ana akili timamu, kwamba akiteleza awapigie ninyi simu kwanza, na kwamba hakuna atakayemfokea.

Kama inawezekana, asirudi chumbani humo kwa mwezi wa kwanza. Akae kwa Mama, dawa zake zishikwe na mtu mmoja na apewe za siku moja moja. Kabla hamjatoka, kaeni naye na daktari muandike kwenye karatasi dalili zake zinapoanza huwa zipi, afanye nini kwanza, ampigie nani wa kwanza na wa pili, na hospitali ipi akimbilie usiku. Karatasi hiyo na iwe na maneno yake mwenyewe, na mmoja wenu awe na nakala.

Pia msitoke langoni bila tarehe ya kliniki mkononi, nayo iwe ndani ya siku saba. Wakiwaandikia mwezi mmoja, rudini ndani mkaombe karibu zaidi. Mama na awe ndiye wa kuomba.